Ukipata kigari cha zamani, kigeuze kwanza

Wenzangu mnaopekua mitumba hapa Lubumbashi, ukikuta kigari cha chuma cha kuchezea, usiulize bei kabla hujakigeuza tumbo juu. Ukisoma Lesney, hiyo ni Matchbox, chapa ya vigari vya kuchezea ya Uingereza, na kwa kawaida ni ya kabla ya 1982, mwaka kampuni hiyo ilipofilisika. Ukisoma Meccano, hiyo ni Dinky Toys, chapa nyingine ya Uingereza.

Kisha tazama magurudumu. Matchbox za mwanzo, za kuanzia 1953, zilikuwa na magurudumu ya chuma. Baadaye yakaja ya plastiki ya kijivu, halafu meusi. Membamba ya kuteleza kwa kasi yalianza 1969.

Sasa kubwa zaidi: usipake rangi upya! Mimi utotoni Katuba nilikuwa na motokari za waya tu, magurudumu ya kukata kwenye ndala. Siku mjomba aliponipa kilori cha kweli, chenye rangi iliyobanduka kwenye mlango, nilikipaka rangi ya kucha ya dada. Niliona nimekipendezesha. Leo mnunuzi akikiona anacheka, ananirudishia. Rangi ya kiwandani, hata ikiwa na makovu, ndiyo inayolipwa. Futa vumbi kwa brashi laini, basi.

Na ukiona bodi ina nyufa ndogondogo kama tope lililokauka, hasa Dinky za kabla ya vita vya 1939, kiache. Ni zinki iliyochanganyika na madini ya risasi, inajila yenyewe, wala haina dawa.

Kilori changu, lakini, siuzi.