Tenki la pikipiki linavuja: tafuta tundu kabla hujashika gundi

Juzi kijana mmoja wa bodaboda hapa Msamvu, Morogoro, aliniletea pikipiki inayonuka petroli hadi abiria wanamkimbia. Alikuwa ameshapaka gundi mara tatu chini ya tenki, upande wa nyuma, na kila mara matone yanarudi palepale. Sikumcheka. Nilipoanza kazi hii nilimaliza Jumapili nzima kwa kosa hilohilo. Kwa hiyo sehemu ya kutafuta tundu nitaivuta kidogo, mengine tutapita haraka.

Fanyia kazi nje, penye upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na unaweza kufika kwenye jiko la mama ntilie wewe ukidhani uko mbali. Chomoa waya wa betri, na simu weka pembeni.

1. Ni tenki au ni kabureta?

Funga koki (kile kibomba cha kufungulia mafuta chini ya tenki), kausha kila kitu kwa tambara, kanywe chai. Ukirudi baada ya nusu saa ukakuta pakavu, fungua koki. Kikianza kudondoka sasa, tenki halina kosa: ni mpira wa mafuta umepasuka, au kabureta linafurika kwa sababu sindano ya floti (boya la kuzuia mafuta kabureta likijaa) haikai vizuri. Kama linavuja hata koki ikiwa imefungwa, endelea.

Na kama unaona unyevu kwenye kifuniko tu, tena mchana, uliza lilijazwa lini. Petroli hutanuka kama asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto. Tenki la lita 11 lililojazwa pomoni alfajiri, likaanikwa juani, linatafuta nafasi ya robo lita hivi. Hapo dawa ni kuacha kujaza hadi mdomoni.

2. Tafuta tundu lenyewe

Petroli haidondoki pale inapotokea. Inateleza juu ya bati, inaufuata mshono wa chini ambako vipande viwili vya tenki vimeungana, inatembea hadi ipate ncha, ndipo inadondoka. Tone unaliona nyuma karibu na siti, tundu liko mbele kwenye shingo ya fremu. Ukiziba penye tone umeziba njia, si chanzo.

Weka pikipiki kwenye stendi kubwa. Hiki ndicho kilichonila ile Jumapili: niliegesha kwa stendi ya pembeni, mafuta yote yakalalia kushoto, nami nikausugua upande wa kushoto hadi bati likang'aa. Tundu lilikuwa kulia, limetulia, linasubiri pikipiki isimame wima.

Kisha shusha tenki kwenye fremu (boliti ya nyuma, mpira wa mafuta, waya za geji, unajua) na ulikalishe juu ya matairi mawili ya zamani, katika mkao uleule linaokaa kwenye pikipiki. Futa tumbo lote, pakaa poda ya mtoto. Poda kavu ni nyeupe, ikiguswa na petroli inakuwa na mstari mweusi. Fuata mstari kwenda juu, si kwenda chini. Mahali mstari unapoanzia, hapo ndipo.

Kama poda haikuambii kitu, tumia usawa wa mafuta yenyewe kuwa kipimo. Acha livuje lenyewe kwenye beseni. Likikoma huku bado lina mafuta, tundu liko kwenye usawa ule mafuta yalipofikia. La huyu kijana lilikoma likiwa bado na lita kama tatu. Kumbe chini alikopaka gundi mara tatu kulikuwa kuzima kabisa! Tundu lilikuwa kwenye mfereji wa katikati (pale tumbo la tenki linapoipanda fremu), mbele, ambako raba ya kukalishia tenki imeisha na bati likawa linasagana na fremu. Raba ya bei ya soda mbili.

Njia ya tatu: mwaga mafuta yote, ziba kifuniko, paka maji ya sabuni nje, puliza kwa mdomo kupitia mpira safi uliochomekwa kwenye koki. Povu litakuonyesha. Puliza, usivute. Na usithubutu kuleta kompresa ya matairi, bati la tenki ni jembamba, litavimba kama andazi.

3. Koki

Poda ikionyesha koki, badilisha oringi (pete ya mpira ya kuzuia mafuta) pamoja na washa ndogo, yaani vipete vya boliti zake. Watu wanasahau washa. Silikoni ya bomba usiweke, petroli inailainisha inakuwa kamasi.

4. Kuziba

Mimi sichomelei tenki kwa umeme. Nimeshaambiwa mwoga, sawa. Tenki "tupu" ni hatari kuliko lililojaa, maana ndani kuna mvuke uliochanganyika na hewa.

Tundu la sindano: msasa hadi chuma kiwe cheupe, futa kwa thina, paka gundi ya chuma ya mirija miwili, acha saa 24. Si saa mbili. Tundu kubwa zaidi napeleka kwa fundi bati alehemu kwa risasi. Osha kwanza kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, anika siku nzima, kisha jaza maji hadi karibu na tundu, tundu likiwa juu. Maji yasiguse bati pale unapolehemu, yatanyonya joto na risasi haitashika. Chuma cha kulehemu kipashwe mkaani mbali, kiletwe. Moto usiletwe kwenye tenki.

Bati likibonyea ukilibana kwa kidole, limeliwa na kutu kutoka ndani. Nunua lingine.

Ukikwama njiani, sugua sabuni ya mche, kavu, kwenye tundu. Petroli haiiyeyushi. Mvua inaiyeyusha.

5. Kurudisha

Suuza ndani kwa petroli kidogo kutoa maji yaliyobaki. Weka raba mpya kwanza, ndipo tenki. Mimina lita mbili, paka poda tena, laza usiku kucha, asubuhi angalia kabla hujajaza.