Somo: Kuiandaa nyumba kabla ya ugonjwa wa mlipuko

Wanakikundi, habari za jioni. Baada ya kikao cha Jumamosi watu watatu walinifuata kwa nyakati tofauti na swali moja: "Katibu, ikija tena kama ile ya corona, tutaishije?" Niliahidi kuandika, basi ndiyo hili. Ni refu, pikeni chai kwanza.

Nianze na yaliyonikuta. Agosti 2015 kipindupindu kilipoingia Dar, mimi nilikuwa mama lishe, nina banda langu la wali maharage na benchi mbili. Nyumbani kwangu hakuugua mtu. Lakini tulipoambiwa vyakula vya barabarani basi, masufuria yakafunikwa. Ugonjwa ule ulisambaa mikoani na kuvuka mwaka, wagonjwa wakapita 20,000 nchi nzima. Nikaenda kuazima kwa jirani muuza juisi, naye kafunga. Nikaenda dukani kukopa unga, mwenye duka akanionyesha daftari, limejaa mpaka kwenye jalada. Nikaja hapa kikobani, kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikakuta wenzangu kumi na mmoja wameandika maombi kwenye mfuko wa jamii siku hiyohiyo.

Hapo ndipo akili ilinikaa sawa. Sisi tumezoea shida za zamu. Leo msiba kwako, kesho mtoto wangu kalazwa, tunachangiana, maisha yanakwenda. Mlipuko hauna zamu. Jirani, mwenye duka, mteja na kikoba vyote vinabanwa wiki moja. Kwa hiyo maandalizi ninayoyasema ni yale ambayo hayategemei mtu mwingine kuwa nafuu kuliko wewe.

Hatua ya 1: Daftari

Wiki mbili zijazo andika kila kinachoingia tumboni na kila kinachotoka mfukoni. Usibadilishe mlo ili daftari lipendeze. Kwangu tuko watu sita, na nilikuta hivi: ugali mara moja kwa siku unakula kilo moja na nusu ya unga, wali mara moja kilo moja ya mchele, maharage nusu kilo. Kwa siku 14 hiyo ni kilo 21 za unga, 14 za mchele na 7 za maharage. Nilipoona namba hizo niliogopa kidogo, halafu nikatulia, maana shida yenye kipimo inabebeka. Mnaokula ndizi au muhogo pigeni hesabu yenu, msinakili yangu.

Hatua ya 2: Chakula, kidogo kidogo

Usiende sokoni kununua vyote siku moja. Kila ukinunua kilo tano za unga, ongeza moja ya akiba. Ndani ya miezi mitatu au minne utakuwa umefika bila mfuko kuumia. Kipya kinawekwa nyuma, cha zamani kinaliwa kwanza, vinginevyo utafuga fukusi.

Ununuzi huu unafanyika kipindi ambacho hakuna ugonjwa. Mwaka 2020 mnakumbuka limau na tangawizi zilivyoruka bei, na sukari ilivyotutoa jasho karibu na Ramadhani. Anayejaza kapu siku ya taharuki anaipandisha bei yeye mwenyewe, na anayeumia ni yule wa nyuma yake mwenye elfu mbili mkononi.

Unga wa sembe haukai sana, mahindi ndiyo yanakaa. Mwenye nafasi anunue wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ayatie kwenye ile mifuko ya PICS yenye plastiki mbili ndani na kiroba nje. Ukifunga vizuri kila tabaka, wadudu wanakosa hewa na kufa, huhitaji dawa. Ila mahindi yawe makavu kweli. Kipimo chetu: chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa kwa dakika kadhaa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Msilidharau hili. Mahindi mabichi yaliyofungiwa huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kupika hakuiondoi.

Chumvi, sukari, mafuta, dagaa wakavu na kiberiti ongezeni kwenye orodha. Sukari na chumvi nitazirudia huko mbele, maana zina kazi mbili.

Hatua ya 3: Maji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu vyote vinapita kwenye maji na mikono.

Kambi za wakimbizi hukadiria lita 15 kwa mtu kwa siku: kunywa, kupika na usafi. Kwa watu sita ni lita 90, yaani ndoo za lita ishirini nne na nusu. Pipa la lita 200 kwetu linaisha siku ya tatu asubuhi. Mto Ruvu ulipopungua mwaka 2022 na tukaingia kwenye mgao, mlijifunza wenyewe dumu linavyopanda bei siku foleni ikiwa ndefu.

Ya kunywa yatenge. Lita tatu kwa kila mtu, watu sita ni kama ndoo moja kwa siku. Hiyo ndoo iwe na mfuniko na koki. Siyo anasa. Maji mnaweza kuyachemsha vizuri kabisa, halafu mtoto akachovya kikombe na mkono wa chooni, kazi yote imekwisha. Kuchemsha ni mpaka yatokote kwa dakika moja nzima, yapoe kwenye chombo kilichofunikwa. Mkaa ukiwa ghali, tumieni vidonge vya kutibu maji vya duka la dawa. Soma pakiti, kidonge kimoja ni cha lita ngapi, kisha subiri dakika 30. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi.

Ndoo ya pili yenye koki iwekwe nje karibu na choo, na sabuni. Kipande cha sabuni ya mche kinatosha, vitakasa mikono vya bei mbaya waachieni wenye maofisi.

Hatua ya 4: Sanduku la dawa

Dogo tu: pakiti kumi za ORS (ile ya kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha), vidonge vya zinki kama una mtoto chini ya miaka mitano, panadoli, kipimajoto, glavu, barakoa za kitambaa na chupa ya JIK, ile dawa ya klorini ya kuua vijidudu. Antibaiotiki za kujinunulia hazimo. Mwenye presha, kisukari au anayetumia ARV (dawa za VVU) aongee na kituo chake apate za ziada za mwezi kama inawezekana, kwa sababu siku za mlipuko foleni hospitali si ya mchezo.

Sasa ile sukari na chumvi. Pakiti zikiisha usiku wa manane: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa juu, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Koroga, mnyweshe kidogo kidogo huku mkijiandaa kwenda kituoni. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Usizidishe chumvi, inadhuru, hasa kwa mtoto. Kilo moja ya sukari inatoa zaidi ya lita 30 za maji hayo, ndiyo maana nasema haifai kuishia yote kwenye chai. Kipindupindu kinaua kwa kukausha mwili, na kinaweza kufanya hivyo ndani ya saa chache. Anayewahi kituoni akaongezewa maji, kwa kawaida anapona.

Hatua ya 5: Pesa

Najua hapa ndipo mlipokuwa mnapangojea.

Kwanza, hesabu siku, si shilingi. Angalia daftari lako: nyumba inakula kiasi gani kwa siku ukitoa vya anasa? Tuseme 8,000. Basi ukiwa na 56,000 ya akiba, una wiki moja ya kuhema. Lengo ni siku 14, halafu 30. Anayeweka 1,000 kila siku anafika 30,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini ni karibu siku nne ambazo hutampigia mtu magoti.

Pili, isikae yote mahali pamoja. Kwenye simu sawa, lakini siku watu wote wanatoa, wakala anakwambia hana keshi. Kwa hiyo noti kidogo ziwe ndani, ndogondogo, za 1,000 na 2,000, maana chenji nayo huadimika. Umeme wa Luku nunua unit za ziada mapema. Mtungi wa gesi ukikaribia kuisha, usingoje moto uzime.

Tatu, madeni. Mkopo wa marejesho ya kila siku, ile kausha damu, ndio wa kwanza kumalizwa. Biashara ikisimama mkopeshaji hasimami. Nimeona mwenzetu akibebewa friji mchana kweupe, sitamtaja.

Nne, kodi. Ongea na mwenye nyumba sasa hivi mkiwa na amani, umwulize: ikitokea biashara imefungwa, utanipokea kwa nusunusu? Jibu lake lolote litakusaidia kupanga.

Tano, kazi ya pili. Corona ilipokuja hoteli zilikauka wageni, wapishi wakarudi nyumbani, lakini mafundi cherehani walikesha wanashona barakoa. Jiulize mikono yako inajua nini kingine. Mimi baada ya banda kufungwa nilianza kusaga karanga na kukaanga dagaa wa kufungasha. Faida ilikuwa kiduchu, ila ilinunua unga.

Kumbukeni pia shule. Mwaka 2020 zilifungwa Machi 17, za msingi zikafunguliwa Juni 29. Watoto miezi mitatu nyumbani ni uji wa saa nne na chakula cha mchana ambacho hukuwa umekipigia hesabu.

Hatua ya 6: Pembe ya mgonjwa

Amueni mapema nani atamhudumia mgonjwa: mtu mmoja, si nyumba nzima. Kikombe chake, sahani yake, ndoo yake. Kufutia sakafu yenye matapishi au choo: JIK ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, ukiwa na glavu. Usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya choo, mvuke wake ni sumu. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure, iandikeni ukutani kwa kalamu, simu huisha chaji.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo katibu. Mume wangu ni bodaboda, hela inakuja jioni inaisha usiku. Hiyo 1,000 naitoa wapi?*

Marahaba mdogo wangu. Usianze na 1,000. Anza na kitu: kila ukipika, chota kikombe kimoja cha unga au mchele uweke kando kabla ya kuosha sufuria. Bibi zetu walifanya hivyo. Na mwambie shemeji siku moja kwa wiki, ile yenye abiria wengi, mapato ya safari ya kwanza yaende kibubuni. Kibubu kisicho na mlango, cha kuvunja.

*Dada, JIK si naweza kutia kwenye maji ya kunywa? Nasikia matone mawili.*

Mpendwa, JIK nyingine zina manukato na nguvu zake zinatofautiana, na ikikaa juani inapungua. Tumia vidonge vya maji, vipimo vyake vimeandikwa. JIK iache sakafuni na chooni.

*Kwa nini tusikubaliane kugawana hisa mlipuko ukitokea?*

Hoja nzuri na ya hatari. Tukigawana wakati nusu ya pesa iko kwa wakopaji, wa kwanza atapata na wa mwisho ataambiwa asubiri, na kikoba kitafia hapo. Pendekezo langu, tulijadili kikaoni: mfuko wa jamii ugawanywe mara mbili, sehemu moja ya shida za kawaida, nyingine isiguswe mpaka itangazwe mlipuko. Ikitangazwa, kila mwanachama apate kiasi sawa bila kuomba, na marejesho yasimame mwezi mmoja bila faini.

*Mimi kwetu Bukoba. Homa ya Marburg, ile ya 2023, ilikuwa Bukoba Vijijini, Januari 2025 Biharamulo. Huyo mgonjwa naye niandae pembe yake?*

Hapana mama. Afadhali umeuliza. Marburg na Ebola haziuguzwi nyumbani. Zinaambukiza kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, na hata ya maiti. Ukihisi, mtenge, msimguse, piga 199, waje wenye vifaa. Na akifariki msioshe mwili, hata kama mila inauma. Pembe niliyoiandika ni ya magonjwa mengine, nayo ni ya muda mkiwa njiani kwenda kituoni.

*Katibu mimi napanga chumba kimoja, kitanda, kabati na watoto wawili. Hizo kilo zote zinalala wapi, na sisi tulale wapi?*

Ninyi ni watatu, kwa hiyo gawa namba zangu kwa mbili: unga kama kilo kumi na nusu, mchele saba, maharage matatu na nusu. Vinaingia kwenye ndoo mbili zenye mfuniko, chini ya kitanda upande wa kichwani. Inua kitanda kwa matofali manne. Ndoo zisiguse sakafu, unyevu unapanda kutoka chini, weka kipande cha mbao. Nina viwili vilibaki fundi alipomaliza kabati langu, mtume mtoto kesho avichukue kabla sijawashia moto.