Jaribio la nusu-neno: namna ya kupima Kiingereza cha mwaka wa kwanza kabla hujaanza kufundisha

Wanafunzi wengi tunaowapokea katika vyuo vikuu vya Tanzania wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Muhula wa kwanza wanapangiwa kozi ya stadi za mawasiliano, na mara nyingi kozi inaanza mada ya kwanza bila mwalimu kujua walio mbele yake wanaweza nini. Anakuja kujua kwenye mtihani wa mwisho, wakati muhula umekwisha.

Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenye darasa la watu mia mbili, asiye na maabara ya lugha. Jaribio lenyewe, ambalo wataalamu huliita C-test, lilibuniwa Ujerumani na Ulrich Raatz na Christine Klein-Braley mwaka 1981. Mimi darasani naliita jaribio la nusu-neno: mwanafunzi anapewa kifungu chenye maneno yaliyokatwa nusu, naye anajaza nusu zilizofutwa.

Hatua ya 1: Chagua vifungu

Tafuta vifungu vinne vya maneno 80 hivi, kila kimoja kieleweke peke yake. Vitoe kwenye vitabu watakavyosoma kweli mwaka huo: wauguzi wapewe habari za afya, wa kilimo habari za udongo. Epuka kifungu kilichojaa istilahi, maana hapo utapima fani badala ya lugha. Panga kuanzia chepesi kwenda kigumu.

Hatua ya 2: Kata maneno

Sentensi ya kwanza iache kamili. Kuanzia neno la pili la sentensi ya pili, futa nusu ya mwisho ya kila neno la pili. Neno lenye herufi witiri, futa sehemu kubwa zaidi: "the" inabaki "t". Majina ya watu, ya mahali na tarakimu usiyaguse. Neno la herufi moja liruke. Ukifikisha mapengo 25, sehemu iliyobaki iache ilivyo. Vifungu vinne vitakupa mapengo 100, na alama inajisoma yenyewe kama asilimia.

Mfano:

"Malaria is a serious disease in many tropical countries. It i__ caused b__ parasites th__ are trans__ to peo__ through t__ bites o__ infected mosqu__."

Hatua ya 3: Walimu wenzako wajaribu kwanza

Wape wawili watatu wanaokimudu Kiingereza vizuri. Wanapaswa kupata zaidi ya 90. Pengo linalowashinda wao ni bovu, na kifungu chenye mapengo mabovu mengi kitupe.

Hatua ya 4: Siku ya jaribio

Dakika tano kwa kila kifungu. Eleza utaratibu kwa Kiswahili na ufanye mfano mmoja ubaoni, kwa sababu asiyeelewa maelekezo hajapimwa Kiingereza. Waambie waziwazi kwamba alama haziingii kwenye kozi. Hofu ikiondoka, wanaandika wanachokijua. Waandike namba ya usajili, na karatasi zote zirudi mkononi mwako. Kopi moja ikipigwa picha na kuingia WhatsApp, jaribio hilo limekufa.

Hatua ya 5: Soma makosa

Hapa ndipo penye faida yote, na ndipo walimu wengi wanapoishia kwenye kujumlisha alama. Chukua karatasi thelathini bila kuchagua, uchore jedwali la safu nne: miisho ya maneno, viunganishi na vihusishi, msamiati, tahajia. Kila kosa lipe alama ya kijiti.

Rudi kwenye mfano wa malaria, pengo la "th". Jibu ni "that", lakini utaona wengi wameandika "they", wakapata "parasites they are transmitted". Hawajabahatisha. Kiswahili kinasema "vimelea vinavyosambazwa": kirejeshi, yaani "-vyo-", kimo ndani ya kitenzi, na hapo hakuna neno la pembeni la kushika kazi hiyo. Mwanafunzi anajua kitenzi kinahitaji kiwakilishi cha nafsi, basi anakiweka. Pengo hilo moja linakuonyesha sarufi aliyo nayo kichwani kuliko ukurasa mzima wa maswali ya kuchagua.

Aliyeandika "transmited" neno analijua, ila tahajia imemponyoka. Mimi simpi alama, lakini kosa lake naliweka safu ya tahajia, kwa sababu msaada wake ni tofauti na wa yule aliyeacha wazi.

Hatua ya 6: Fundisha kutokana na jedwali

Safu iliyojaa ndiyo mada ya wiki ya kwanza. Kwa kosa la "they", wape sentensi fupi mbilimbili kutoka vitabu vyao waziunganishe kwa "that" au "which", kisha wageuze kazi: wavunje sentensi ndefu ya kitabuni iwe fupi mbili. Kuvunja kunasaidia usomaji kuliko kuunganisha, na wengi wao wanakwama kwenye kusoma kabla ya kuandika.

Safu ya msamiati ikijaa, tumia orodha ya maneno ya kitaaluma ya Averil Coxhead ya mwaka 2000. Ina familia za maneno 570 (kila familia ni neno moja na maneno yanayotokana nalo) zinazojirudia katika fani nyingi. Usiwape wakariri. Wayatafute ndani ya sura wanayoisoma wiki hiyo.

Hatua ya 7: Ongeza kazi moja ya kuandika

Jaribio hili halioni kama mwanafunzi anaweza kujenga hoja. Kwa hiyo, wiki ya pili wape ukurasa mmoja wausome na kuufupisha kwa maneno 80 bila kunakili sentensi. Mwenye alama nzuri za mapengo na muhtasari wa kunakili anahitaji mazoezi ya kueleza kwa maneno yake, si ya sarufi.

Mwisho wa muhula rudia jaribio kwa vifungu vipya vya ugumu uleule, ulivyovipima kwa wenzako pamoja na vile vya kwanza. Linganisha kwa namba za usajili, safu kwa safu. Jumla inaweza kupanda huku safu ya vihusishi ikibaki palepale, na hiyo ndiyo mada ya kuwapelekea walimu watakaowapokea mwaka wa pili.