Kucheza Diplomacy Bila Kusemezana

Diplomacy ni mchezo wa ubao wa watu saba ambao Mmarekani Allan B. Calhamer aliubuni mwaka 1954 na kuutoa mwaka 1959 kwa fedha zake mwenyewe, nakala 500 kwa kuanzia. Hauna dadu wala karata. Kilichomo ni ramani ya Ulaya ya mwaka 1901, majeshi, manowari na maneno mengi ya faraghani, kwa kuwa desturi yake ni wachezaji kuondoka mezani wawili wawili ili kupanga, kuahidiana na hatimaye kusalitiana. Mwongozo huu unahusu namna nyingine ya mchezo huohuo, ambamo mazungumzo yamepigwa marufuku kabisa na hakuna ajuaye ni nani anayeiongoza Uturuki au Ufaransa, na bado ushirikiano hauna budi kujengwa, kwa sababu nchi inayoanza na vikosi vitatu haifiki mbali ikiwa peke yake. Hapa Kisumu, ambako wacheza ajua, aina ya bao, hawahamishi mbegu moja bila kumtania mpinzani, kuwakalisha watu wazima saba kimya kwa Jumamosi nzima kulionekana kichekesho mara ya kwanza tulipojaribu. Sasa baadhi yetu hatuutaki tena ule wa maneno.

Kanuni nitazipitia haraka. Ramani ina maeneo 75, na 34 kati yake ni vituo vya ugavi. Anayemiliki vituo 18 ameshinda. Kila nchi huanza na vikosi vitatu, isipokuwa Urusi yenye vinne. Kila mwaka una zamu mbili za kusogea, na baada ya zamu ya pili vituo huhesabiwa, ambapo aliyeongeza kituo huunda kikosi kipya kwenye kituo chake cha nyumbani kilicho wazi, na aliyepoteza huondoa kimoja. Amri zote huandikwa kwa siri na kusomwa kwa pamoja. Vikosi vyote vina nguvu sawa, hivyo viwili vikiingia eneo moja hugongana na kila kimoja hubaki kilipokuwa. Anayetaka kupita lazima awe na kikosi kingine kinachomuunga mkono. La muhimu ni kwamba unaweza kukiunga mkono hata kikosi cha nchi nyingine, ama kisimame imara kilipo au kiingie kinakoelekea, na hapo ndipo lugha ya mchezo wa kimya inapoanzia.

Kuuandaa mchezo huu sebuleni ni kazi kubwa kuliko kuucheza kwenye simu, kwa sababu uso nao husema. Tafuta mtu wa nane awe refa. Kura ya nchi ipigwe kwa vikaratasi vilivyokunjwa, kila mchezaji aandike amri zake kwa herufi kubwa na kwa kalamu za rangi moja, kisha azitumbukize mkebeni, na ni refa peke yake anayezisoma kwa sauti na kusogeza kete. Majina ya maeneo yaandikwe kwa ukamilifu, maana amri isiyosomeka ni sawa na kutotoa amri, na kikosi kisicho na amri hukaa tu. Tahadhari nyingine ni miguno. Mwenzetu mmoja alikuwa akivuta pumzi kwa uchungu kila Austria ilipogongwa, na kufikia mwaka 1903 wa ramani hapakuwa na asiyejua Austria ni ya nani. Wanaocheza kwa simu waweke amri za awali mapema, hata zile ambazo hawajaziamini, kwa kuwa stima ikipotea jioni na saa ya mwisho ikapita, nchi yako italala huku wengine wakitembea.

Sasa kwenye kiini. Mchezaji anayetoka kwenye mchezo wa maneno hujiuliza kabla ya kila zamu, “Hatua hii itanipa nini?” Katika mchezo wa kimya kuna swali la pili lenye uzito uleule, nalo ni jinsi jirani atakavyoisoma hatua hiyo. Huna nafasi ya kumweleza baadaye kwamba manowari yako haikumlenga yeye. Chukua mfano wa Uingereza kupeleka manowari ya London katika mlango wa bahari ulio kati yake na Ufaransa kwenye zamu ya kwanza kabisa. Huenda nia yake ni kuifikia Ubelgiji tu, na katika mchezo wa maneno angelimaliza jambo hilo kwa sentensi moja. Kimya kikitawala, Ufaransa itaona manowari ikiwa mlangoni pa Brest, bandari yake, na itajibu ipasavyo, na vita ambavyo hakuna aliyevitaka vitakula miaka mitatu ya wote wawili huku Ujerumani ikijishibisha. Anayetaka amani na Ufaransa aipeleke manowari hiyo Bahari ya Kaskazini, hata kama kufanya hivyo kunampunguzia uwezekano fulani.

Dereva wa matatu anayetoka Kisumu kuelekea Kakamega akimulikiwa taa mara mbili na gari linalokuja mbele yake hupunguza mwendo, ingawa hamjui aliyemulika na hawatakutana tena. Ishara hiyo inafanya kazi kwa sababu wote wawili wanaijua desturi yake. Angemulika mara tisa kwa mpangilio alioubuni mwenyewe, asingeeleweka. Ndivyo ilivyo ubaoni. Kabla ya kubuni hatua za ajabu, jifunze mianzo iliyozoeleka ya nchi zote saba, kwa kuwa hizo ndizo taa ambazo wengine wanajua kuzisoma. Kwa mfano, mgongano wa Urusi na Uturuki kwenye Bahari Nyeusi katika zamu ya kwanza hauhesabiwi kuwa tangazo la vita, wala ule wa Austria na Urusi huko Galicia. Ni tahadhari ya kawaida, na anayekasirishwa nao anajitafutia adui bure. Jeshi la Italia likiingia Tyrolia, eneo la Austria lililo mpakani, hilo ni jambo jingine.

Kuna mgongano mmoja ninaoupenda kuliko yote kwa jinsi unavyosema mambo mawili kwa wakati mmoja. Ufaransa huamuru jeshi la Paris na lile la Marseilles yote mawili yaingie Burgundy. Majeshi hayo hugongana yenyewe kwa yenyewe, hakuna linaloingia, na kama Ujerumani ilikuwa imejaribu kuingia kutoka Munich nayo imezuiwa. Ujumbe uliofika ni kwamba, “Sitaki kukaa hapo, na wewe pia usikae.” Gharama yake ni ndogo, kwa sababu manowari ya Brest imekwisha kutangulia baharini kuelekea Ureno na jeshi la Marseilles bado linaweza kuingia Uhispania katika zamu ya pili, hivyo mwaka unaisha na vituo viwili vipya vilevile. Ujerumani yenye mchezaji makini itaelewa na kugeukia kaskazini au mashariki.

Ishara iliyo wazi kuliko zote ni msaada uliotolewa bila kuombwa. Tuseme wewe ni Italia, na umekwisha kuamua kwamba jeshi lako la Venice halitaondoka katika zamu ya kwanza. Badala ya kuliamuru likae, liamuru liunge mkono kikosi cha Austria kilichoko Trieste kisimame imara. Ni kweli kwamba manowari ile ya Trieste kwa kawaida itakuwa inaondoka kwenda Albania, na msaada wa kusimama haumfaidii anayesogea, hata akigongwa akarudi. Lakini refa ataisoma amri hiyo kwa sauti, na Austria itajua kwamba Venice ilikuwa na nafasi ya kuvamia na ikaitumia kumlinda. Umetoa ahadi na hukupoteza chochote. Vivyo hivyo Uturuki ikiwa Bulgaria mwishoni mwa mwaka wa kwanza inaweza kuiunga mkono manowari ya Urusi itoke Sevastopol iingie Romania: Urusi ikiwa ilikusudia hivyo imepata kituo kwa uhakika, na ikiwa haikukusudia, imeonyeshwa mlango ulio wazi. Rudia ishara hiyo angalau mara mbili kabla ya kukata tamaa, kwa sababu mara ya kwanza wengi hudhani umekosea kuandika.

Namna ya kuunda vikosi nayo husomwa na meza nzima, pengine kwa makini kuliko hatua zenyewe, kwa kuwa kikosi kipya hakina sababu nyingine ya kuwapo isipokuwa nia ya baadaye. Urusi ikiunda manowari kwenye pwani ya kaskazini ya St. Petersburg, Uingereza haihitaji kuambiwa. Ujerumani ikiunda manowari Kiel inamtisha huyohuyo Mwingereza. Ikiunda majeshi matupu inawapa mashaka Ufaransa na Urusi. Uturuki ikiweka manowari Ankara inaitazama Urusi, ikiiweka Smirna inaitazama Italia. Kwa hiyo usiunde kikosi kwa mazoea. Nimewahi kuharibu ushirikiano mzuri na Austria kwa kuunda jeshi Venice ilhali nilikuwa nikihitaji manowari Napoli, eti kwa sababu niliona jeshi litanifaa baadaye. Austria ililirudisha jeshi lake Trieste mara moja, na Uturuki niliyokuwa nikiiwinda ikapona.

Upande wa kuwasoma wengine una mazoezi yake. Kabla ya kuandika amri zako, andika kwenye karatasi ya pembeni amri unazodhani wenzako sita wataziandika, nchi kwa nchi, ukichagua zile ambazo mtu mwenye akili timamu angezichagua akiwa mahali pao. Zoezi hili ni la kuchosha, nami nimewaona watu wakiliacha kufikia zamu ya nne, lakini ndilo linalokupa kipimo: amri zikisomwa na ukakuta Urusi imefanya tofauti kabisa na ulivyoandika, una jambo la kufikiria. Usimhukumu mtu kwa zamu moja. Angalia pia kile ambacho hakikufanyika, kwani mpaka ulioachwa wazi kwa makusudi, hasa pale ambapo kujaza kungekuwa rahisi, ni kauli nzito. Ujerumani yenye manowari Denmaki inaweza kuizuia Urusi isiingie Uswidi katika zamu ya pili ya mwaka 1901. Ikiiacha iingie, Urusi imepewa zawadi na inapaswa kujua hivyo.

Mshirika wako asichaguliwe kwa hisia. Mtafute jirani ambaye njia yake ya kukua haipiti kwako na ambaye kwa wakati huo ana adui uliye naye wewe. Ushirikiano wa kimya haudumu kwa uaminifu, hudumu kwa muda ambao kazi ya pamoja haijaisha, na siku adui yule akibakiwa na kituo kimoja ndiyo siku ya kutazama mgongoni. Dalili ya kwanza huwa ni kikosi kinachorudi nyuma pasipo kushambuliwa, au kikosi kipya kilichoundwa upande wa kwako. Ukikusudia kuvunja wewe, vunja kwa zamu ambayo itakupa vituo viwili au zaidi kwa mpigo, maana baada ya hapo huna maneno ya kumpoza.

Mahali ambapo michezo mingi ya kimya huharibikia ni mwishoni, nchi moja ikifika vituo 14 au 15 huku zilizobaki zikiendelea kupigania kijiji. Katika mchezo wa maneno mtu angepiga kelele. Hapa unapaswa kupiga kelele hizo kwa amri: ondoa vikosi vyako kwenye mpaka wa uliyekuwa ukipigana naye, vigeuze vimwelekee mkubwa, na katika zamu hiyohiyo uunge mkono kikosi cha adui yako wa jana kisimame pale kilipo. Fanya hivyo hata kama yeye bado anakushambulia, na ukubali kupoteza kituo kimoja ikibidi. Ujue pia mstari wa ulinzi unaoikata ramani mshazari, kuanzia St. Petersburg hadi katikati ya Atlantiki, kwa kuwa wakipangwa vizuri katika upande mmoja, wanyonge wanaomiliki vituo 17 wanaweza kuufunga kabisa, na mkubwa hatafika 18 kamwe.

Kuhusu sare, sisi huimaliza kwa mkebe uleule. Kila mwisho wa mwaka wa ramani, kila nchi iliyo hai hutumbukiza kikaratasi chenye neno “sare” au “tuendelee”, na sare hupita ikikubaliwa na wote. Refa hutangaza matokeo tu. Hasemi ni wangapi waliokataa.