Namna ya kuelewa osmosisi, mizani na Maji Maji bila kukariri

Wadogo zangu wa sekondari, wengi mnakesha na notsi, fasili mmezishika neno kwa neno, halafu kwenye mtihani swali likigeuzwa kidogo tu mnakwama. Jaribuni hivi.

Bailojia, osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kwenda upande wenye chumvi nyingi. Chukua kiazi mviringo kibichi, kata vipande viwili vya saizi ya chipsi, pima kwa rula viwe sawa kabisa. Kimoja kwenye glasi ya maji matupu, kingine kwenye maji uliyokoroga chumvi vijiko vitatu hivi, acha mpaka asubuhi. Cha maji matupu utakikuta kigumu, ukikikunja kinavunjika, cha chumvi kimelegea kinapinda tu na kimepungua urefu, coz maji yametoka ndani ya seli yakafuata upande wenye maji machache na chumvi nyingi, yanapita kwenye utando wa seli. Wakikuuliza kwa nini kiazi kilichochemshwa hakifanyi hivyo, jibu ni kwamba moto umeshaharibu huo utando.

Fasihi sasa, mizani, yaani idadi ya silabi kwenye mstari wa shairi. Hapa watu wanapoteza maksi za bure kabisa! Usihesabu herufi, hesabu silabi, tena kwa vidole. Mfano "mtoto akaja mbio": m-to-to-a-ka-ja-mbi-o, nane. Angalia hiyo m ya mtoto inasimama peke yake, ila ya mbio imeshikana na b, ndo panapowachanganya wengi. Nane hiyo inatosha mshororo (mstari) mmoja wa utenzi, lile shairi refu la kusimulia, kwenye shairi la tarbia lililozoeleka mshororo una nane mbili, yaani 16, na kila ubeti mishororo minne.

Historia ndo inakaririwa kuliko zote, pointi sita za sababu za Maji Maji, vita ya wenyeji wa kusini mwa Tanzania dhidi ya Wajerumani, bila kujua zinaunganaje. Wewe jiweke kwenye nafasi ya mkulima wa Umatumbi mwaka 1905. Mjerumani anataka kodi, unalazimishwa kulima pamba ya shamba la serikali wakati shamba lako la chakula linasubiri, malipo kiduchu, ukichelewa unachapwa viboko. Sasa cheki kitu cha kwanza walichofanya kule Nandete Julai 1905, waling'oa pamba. Sababu unaiona hapo hapo kwenye tendo lenyewe, huhitaji kukariri.

Halafu msiandike kwamba watu walipigana kwa sababu ya maji ya Kinjeketile basi, yule mganga aliyewagawia watu dawa ya maji akisema itawakinga na risasi. Maji yaliwapa ujasiri na yakaunganisha makabila ambayo hayakuwa na jeshi moja, hiyo ni kweli na iandike, lakini Kinjeketile alinyongwa Agosti 1905 na vita ikaenda mpaka 1907, Wangoni wakiwemo. Kwenye matokeo anza na njaa, Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa hiyo ndo iliyoua watu wengi kuliko risasi.