Kujenga mfano wa nyumba ya Wapawnee bila paa kuporomoka

Mpwa wangu yuko darasa la nne hapa Omaha, jimbo la Nebraska, Marekani, na kazi ya shule ilikuwa kutengeneza mfano wa nyumba ya zamani ya Wapawnee, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa huku. Akaanza na hema. Nikamwambia, "Mjomba, hilo ni la safarini." Wapawnee walitoka kuwinda nyati mara mbili kwa mwaka, wakati wa joto na wakati wa baridi, na huko ndiko walikolala kwenye mahema ya ngozi. Kijijini, kando ya mito Platte, Loup na Republican, walikaa kwenye nyumba kubwa za mviringo zilizofunikwa udongo, na moja iliweza kubeba watu 30 na zaidi. Ukishaliona tembe la Wagogo, nusu ya kazi umeielewa.

1. Kitako. Ubao wa sentimita 50 kwa 50, duara la sentimita 40. Andika "mashariki" upande mmoja kabla ya kugusa kitu kingine. Mlango unatazama huko.

2. Nguzo. Nne ndefu katikati, zenye panda juu za kushika boriti, halafu fupi kama 12 ukingoni. Waskiri, moja ya makundi manne ya Wapawnee, walizihusisha zile nne na nyota, kila moja na rangi yake: nyeusi, njano, nyeupe na nyekundu.

3. Paa. Hapa tulikesha. Mara ya kwanza tulilaza makombamoyo, tukayabandika kwa gundi ya bastola, ile inayoyeyushwa kwa joto, tukamwaga udongo wa mfinyanzi juu. Saa tano usiku paa lote likaingia ndani, na mtoto akaanza kulia. Udongo mbichi ni mzito kuliko unavyodhani, na ile gundi haishiki kijiti chenye maganda. Mimi siigusi tena. Tumia uzi wa katani, funga kila kiungo.

Fuata mpangilio wao wenyewe: makombamoyo kutoka ukingoni hadi kwenye boriti, kisha fito nyembamba za mti wa mierebi zikikatiza, kisha majani makavu, udongo mwisho kabisa. Usiruke majani! Ndiyo yanayozuia udongo kupenya kwenye fito. Udongo wenyewe uwe mkavu, uliochekechwa, unene wa nusu sentimita tu. Nyunyizia maji yenye gundi nyeupe kidogo, acha ukauke, kisha rudia. Ukiukanda kama unakandika ukuta wa nyumbani, utapasuka asubuhi. Na acha tundu la moshi katikati, maana tulilisahau tukalazimika kutoboa.

Mlangoni weka ushoroba mfupi wa vijiti, ufunike vivyo hivyo.

4. Ndani. Usigandishe paa kwenye nguzo, liwe la kufunuliwa. Meko chini ya tundu, vitanda kuzunguka ukuta, na upande wa magharibi madhabahu yenye fuvu la nyati. Chimba pia shimo la akiba, mdomo mwembamba na tumbo pana kama mtungi. Humo wanawake, ambao ndio waliolima, walihifadhi mahindi makavu, maharage na maboga. Sisi tuliweka punje tatu za mahindi. Mwalimu akauliza ni za nini, na mpwa wangu akaeleza mpaka kengele ikalia.