Bei ya nyumba ikishuka na mkopo bado unao: linda rejesho kwanza

Soko la nyumba likianza kuporomoka, swali la kwanza ninaloulizwa ni lile lile: "Sasa nyumba yangu ina thamani gani?" Naielewa hofu hiyo. Lakini katika miaka niliyokaa kwenye dawati la mikopo iliyokwama, sikuona nyumba ya kuishi ikienda mnadani kwa sababu ya bei peke yake. Zilizokwenda, zilikwenda kwa sababu rejesho lilikatika: kazi imekwisha, mtu ameugua, ndoa imevunjika, riba imepanda. Bei iliyoshuka ilikuja kuziba mlango wa kutokea, maana mwenye nyumba hakuweza tena kuuza akalipa deni lote.

Si mimi tu niliyeliona hilo. Mwaka 2008 wachumi wa tawi la Boston la Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, walichapisha utafiti kuhusu wenye nyumba wa jimbo la Massachusetts, Marekani, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 madeni yao yaelekea yalizidi thamani ya nyumba zao. Waliozipoteza walikuwa chini ya 10 katika kila 100. Wengine waliendelea kulipa na kuishi humo.

Kwa hiyo anza kwa kupiga hesabu kabla hujaamua lolote. Omba benki taarifa ya mkopo inayoonyesha salio la deni, riba ya sasa, na adhabu ya kumaliza mkopo mapema kama ipo. Kisha tafuta thamani halisi. Usichukue bei ambayo jirani ameitangaza, kwa sababu tangazo ni matumaini yake. Tafuta bei ambazo nyumba za aina yako zimeuzwa kweli miezi ya karibuni, au mlipe mthamini.

Chukua mfano mwepesi. Ulinunua kwa 100, ukatoa 20 mfukoni, 80 ukakopa. Leo deni limebaki 78, na nyumba inauzika kwa 75. Ukiuza, dalali, kodi na wakili watakula labda 4. Utapokea 71, nawe unadaiwa 78: itabidi utoe 7 mfukoni ili uondoke huru. Hiyo 7 ndiyo namba ya kuiweka kichwani. Watu wengi huililia ile 25 iliyopotea kwenye thamani, nayo haina kazi yoyote katika uamuzi wa leo.

Hesabu ya pili ndiyo muhimu kuliko zote: kipato kikikatika kesho, akiba yako italipa rejesho, chakula na matumizi ya lazima kwa miezi mingapi? Kama jibu ni mwezi mmoja au miwili, hapo ndipo pa kufanyia kazi. Wapo wanaoingiwa na hofu wakachukua akiba yote wakaimwaga kwenye mkopo ili deni lipungue. Nawasihi wasubiri. Fedha ukishaiingiza kwenye deni, kuitoa ni kazi ngumu, na wakati bei zinashuka benki huwa haikopeshi tena kwa dhamana ya nyumba hiyo hiyo. Utakuwa na deni dogo na mfuko mtupu, na rejesho la mwezi ujao halitakuuliza ulilipa kiasi gani mwaka jana. Jaza kwanza akiba ya miezi sita hivi, ukiweza zaidi ni bora. Baada ya hapo maliza mikopo midogo yenye riba kali, ndipo upunguze deni la nyumba.

Angalia pia aina ya riba yako. Kama inabadilika, au imefungwa kwa miaka michache tu, andika tarehe ya kubadilika na uliza rejesho jipya linaweza kufika kiasi gani. Mikopo mingi ya nyumba waliyopewa Wamarekani wenye rekodi dhaifu ya mikopo kabla ya 2008 ilikuwa na riba isiyobadilika kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha inaanza kupandishwa. Wakopaji waliambiwa wasihofu, muda ukifika watahamia mkopo mwingine. Muda ulipofika bei zilikuwa zimeanguka, nyumba hazikutosha tena kuwa dhamana, na wengi hawakupata wa kuwapokea. Kama mkopo wako una tarehe kama hiyo, anza mazungumzo mapema, thamani ya nyumba ingali juu ya deni.

Sasa, ikiwa unaona kabisa kwamba rejesho la miezi michache ijayo litakushinda, nenda benki kabla hujakosa hata moja. Anayekuja mapema bado ana rekodi safi, na ofisa ana nafasi ya kumpangia upya. Anayekuja baada ya barua ya wakili anakuta deni limepigwa faini juu ya faini. Beba uthibitisho wa kipato, orodha ya matumizi, na pendekezo lako mwenyewe: "Kwa miezi hii naweza kulipa kiasi hiki." Unaweza kuomba muda wa mkopo urefushwe, ulipe riba tu kwa kipindi, au malipo yasimame kwa muda. Kwa kila moja uliza: riba itaendelea kuhesabiwa? Kilichosimamishwa kitalipwa lini? Rekodi yangu ya mikopo itaandikwaje?

Wala usiingie pale kama mwombaji. Mnada unaiumiza benki pia. Utafiti uliochapishwa 2011 kuhusu mauzo ya nyumba Massachusetts ulikuta kwamba nyumba zilizotwaliwa kwa deni ziliuzwa kwa wastani wa asilimia 27 chini ya thamani yake. Benki inajua hasara hiyo, na mkopaji anayelipa kidogo kwa uhakika ana thamani kwake.

Kuuza au kubaki? Kama kipato ni imara na nyumba inawafaa, baki. Marekani bei zilianza kushuka baada ya kilele cha 2006, zikafika chini kabisa mwaka 2012, na zikarudi kwenye kilele cha zamani miaka kadhaa baadaye. Anayebaki ajipange kwa muda mrefu. Lakini ikiwa hata mkopo ukipangwa upya rejesho bado linakushinda, uza mwenyewe, kwa bei ya leo. Wauzaji wa Boston katika miaka ya 1990 waliokuwa hatarini kupata hasara walitangaza bei za juu zaidi, na nyumba zao zikakaa sokoni muda mrefu zaidi. Mnunuzi hajali ulinunua kwa kiasi gani. Soma mkataba pia ujue deni litakalobaki baada ya mauzo ni la nani. Sheria hutofautiana, na sehemu nyingi bado utadaiwa.

Mwenzi wako ajue kila kitu. Nimempokea mama aliyepata habari za mnada kwa kuliona tangazo limebandikwa getini, huku barua zote zikiwa kabatini kwa mumewe. Wangejua wawili mapema, kulikuwa na mambo kadhaa ya kufanya.

Jihadhari na wanaojitokeza wakati huu wakiahidi kuiokoa nyumba yako kwa ada ya kutanguliza, au wanaotaka uwahamishie hati "kwa muda". Marekani walizidi kiasi kwamba mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni ya kuwakataza kuchukua malipo kabla mteja hajapata na kukubali ofa ya maandishi kutoka kwa mkopeshaji wake. Hati usiiachie.

Na chochote mtakachokubaliana na benki, kipate kwa maandishi, chenye sahihi na tarehe, kabla hujapunguza rejesho hata la mwezi mmoja. Ofisa aliyekwambia usiwe na wasiwasi anaweza kuhamishwa wiki ijayo, na mfumo ukaendelea kukuandikia faini kana kwamba hamkuwahi kuonana. Nakala moja iweke nyumbani, nyingine kwa mtu unayemwamini.